Mkwezi Akishuka

Tangazo lilibandikwa Mwanga, mlangoni pa duka la nyavu,
karatasi ya njano, gundi bado mbichi:
ANATAFUTWA FULU STAKI DIVELOPA.
Umri usizidi ishirini na sita. Uzoefu miaka mitano
wa lugha ya kompyuta ambayo yenyewe
ilikuwa haijatimiza mitatu.

Nilimsomea mama jikoni, moshi wa mise machoni.
"Fulu nini?"
"Staki."
"Kama hutaki, barua unaandika ya nini?"

Nikamweleza. Kuna mbele, mama, pale mteja anapobonyeza:
rangi, vitufe, picha ya mgebuka unaong'aa.
Kuna nyuma, ambako hakuna anayepaona,
hesabu zinakopikwa na kukamuliwa.
Kuna ghala, kila jina na deni lake.
Fulu staki ni yule anayejua kote,
kuanzia kitufe hadi ghalani.

Mama alichuja mawese kimya. Povu jekundu likapanda, likashuka.
Kisha:
"Ntahondi hukwea michikichi yetu, hulipwa kwa mkungu.
Akishuka, kashuka.
Sijamwambia hata siku moja, Ntahondi, maadamu uko hapa, twanga,
maadamu umetwanga, chemsha.
Nachemsha mwenyewe kwa sababu mafuta ni yangu.
Hayo ya mwenye duka
ni yako?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ada ya Butoyi,
pacha wangu, mwaka wa pili wa uuguzi.

Usaili ulikuwa ghorofani, feni ikizunguka kwa kusitasita.
Bwana Kazungu, tai fupi, wasifu wangu kaushika kichwa chini:
"Bukuru. Shinikizo unaliweza?"
"Naliweza."
"Printa?"
"Printa kwa kweli si..."
"Kamera za ulinzi? Mtandao ukikatika, unapanda juu ya bati?"
Nikasema napanda.
Jenereta nalo likaingia kwenye staki,
na kupiga picha za nyavu kila Jumamosi,
na shemeji yake, ambaye simu yake imejaa.

Nilisaini. Kamusi nimeisoma baadaye, ukurasa kwa ukurasa:
"mchangamfu" ni asiyeuliza saa ya kutoka;
"sisi ni familia", mshahara utachelewa;
na ule "mshahara wa kuvutia"
hunivuta hadi tarehe kumi, kamba ikakatika.

Mwezi wa saba akaniambia: andika tangazo, nakupa msaidizi.
Nikaliandika usiku, umeme uliporudi:

    Anatafutwa mtu wa kufanya kazi za watu wanne.
    Atalipwa kama mtu mmoja aliyechelewa kufika.
    Ngazi ya kupandia batini ipo. Kidato cha tatu hakipo.
    Aulize kwanza mafuta ni ya nani.

Bwana Kazungu alisoma mara mbili. Hakukasirika.
Alifuta kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi,
kama mtu anayepara samaki,
akaandika: FULU STAKI, MWANDAMIZI.
Na chini yake: sisi ni familia.

Hadi magharibi, barua arobaini na moja.
Nikafungua ya kwanza, ya kijana wa Kasulu,
Ezron Bitariho, stashahada, namba ya simu ya mjomba.
"Mimi ni mchapakazi," ameanza, "naweza yote."
Sentensi hiyo naijua. Niliiandika mimi,
jikoni, moshi machoni,
mama akinitazama kama anavyotazamwa mkwezi
aliyefika juu bila kitanzi.

Dukani wakaita: printa imekwama.
Nikashuka,
nikapanda tena.